Sabuni Inayooza

Stumai alitua ndoo mlangoni, akaitazama kwa muda, kisha akamwita mumewe naye aje aitazame. Ausi alikuwa kwenye kigoda akivaa buti zake mpya za kazini. Aliinuka na buti moja mguuni.

"Baba Kulthumu, hebu nusa."

Maji yalikuwa na weupe kama yale ya kuloweka muhogo, na pembeni mwa ndoo palikuwa na povu jembamba lisilotaka kupasuka. Ausi aliinama. Kabla pua yake haijayafikia maji alikuwa ameshajua. Ilikuwa harufu ya mchaichai, na chini yake, kwa mbali, dizeli.

"Unasikia nini?" mkewe aliuliza.

"Sisikii kitu. Pengine mtu kaloweka muhogo karibu na kisima."

"Muhogo ndio utoe povu hivi?"

Ausi alirudi kigodani akashughulika na buti la pili. Alifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. "Usimpe mtoto maji hayo," alisema bila kuinua uso. "Nitaleta mengine ya kazini."

Tuseme ukweli mapema, maana hapa hakuna mchawi wa kutafutwa. Aliyeyachafua maji yale ni Ausi mwenyewe.

Yadi ya kuoshea malori ilikuwa kwenye mwinuko, kando ya barabara ya kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea. Malori na mitambo ya machimboni ilioshwa pale, na maji yake, meusi kwa grisi na mafuta, yaliteremka kwenye mashimo matatu yaliyosakafiwa. Kazi ya Ausi ilikuwa kuyahudumia mashimo hayo. La kwanza lilipokea uchafu. La pili lilitiwa sabuni, mafuta yakajitenga na kuelea, naye akayakomba kwa upawa wenye mpini mrefu. La tatu lilikuwa pana, na ndani yake mashine ilipuliza hewa ili vijidudu visivyoonekana kwa macho vimalizie kula kilichobaki.

Sabuni yenyewe ilikuwa mpya. Ile ya zamani ilichubua mikono na kuua kila ilichokigusa. Hii ilikuja kwenye madumu ya kijani, imetengenezwa kwa mafuta ya mimea, inanukia mchaichai. Mtaalamu aliyeileta, dada mmoja aitwaye Winfrida, alisimama mbele ya wafanyakazi akawaambia, "Uzuri wa sabuni hii ni kwamba inaoza. Haibaki kwenye maji wala ardhini." Aliendelea kusema mengi, habari za vipimo na siku na hewa, lakini Ausi alikuwa ameshaondoka na neno lile moja. Kuoza alikujua. Alizaliwa Marambo, kwenye nyumba iliyokula muhogo mchungu. Tangu utotoni alimwona mama yake akiuloweka, na siku ya tatu umelainika, unanuka, sumu yake imekwisha, watu wanakula ugali. Mtu wa kumfundisha Ausi habari za kuoza alikuwa bado hajazaliwa.

Kisha mashine ya hewa ikaharibika. Siku nne kabla ya wakaguzi kufika, msimamizi wake, Richard, alisimama juu ya shimo la pili lililojaa utando mweusi akasema, "Ausi, wageni wakikuta hivi tumekwisha. Fanya ufanyavyo."

Ausi akafanya. Mahali alipoelekezwa atie vizibo viwili alimimina dumu zima, akakoroga kwa upawa mpaka jasho likamtoka. Mafuta yakatoweka mbele ya macho yake. Hayakuelea. Yaliingia ndani ya maji, na maji yakabaki meupe, weupe ule wa muhogo ambao hajawahi kuuogopa maishani mwake. Akahesabu siku tatu. Siku ya tatu akafungua koki, maji yakashuka korongoni. Wageni walilikuta shimo safi. Richard alimpiga picha ukingoni, akamwita fundi wa maji mbele ya wenzake, na juma lile lile akampa buti mpya.

Hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka, kwamba korongo lile linapita hatua mia moja tu juu ya kisima chao, na kwamba ardhi yote ya pale ni mchanga.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla Ausi hajatoka, Mzee Amri alipiga hodi. Huyu alikuwa mjomba wa Stumai, ndugu wa mama yake, na kwa watu wa kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Ndiye aliyemkabidhi Ausi mke, ndiye aliyemkatia mahali pa kujenga, na ndiye aliyechimba kisima kile kwa mikono yake enzi za ujana wake. Mgongoni alibeba bomba la kupulizia. Alikuwa njiani kwenda kwenye mikorosho yake kabla jua halijawa kali.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mkwe. Nipe maji, koo limekauka."

Stumai aliitazama ndoo, akamtazama mumewe. Ausi akatoa kwenye mfuko wake chupa ya maji aliyobaki nayo tangu jana kazini, akamimina kwenye kikombe cha bati. Desturi ya kule ni kwamba anayempa mtu maji huonja yeye kwanza, ili mnywaji aone kuwa hakuna kilichotiwa. Ausi akainua kikombe aonje. Mzee akakipokonya kabla hakijafika mdomoni, kama alivyofanya siku zote tangu Ausi aoe pale.

"Wewe wangu," alisema. "Wangu haonji."

Akanywa, kisha akakunja uso. "Haya si maji ya kisima changu."

"Kisimani kumechafuka, Mjomba," Stumai akasema. "Maji yana povu."

"Povu la nini?"

"Hatujui."

Mzee aliweka kikombe chini. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, na akichukizwa hurudi kwenye Kimwera chake. Alinong'ona kitu kwa Kimwera, akakaza mikanda ya bomba. "Nakwenda kuona," alisema.

Hapo Ausi alipata nafasi yake ya kwanza. Kaa, Mjomba, mimi najua. Maneno mafupi tu. Alilitazama bomba lile likishuka njia ya kisimani mgongoni mwa mzee, kisha akapanda baiskeli akaenda kazini.

Richard alikuwa ofisini akinywa soda. Alimsikiliza Ausi mpaka mwisho, na alipomaliza alicheka kidogo, si kwa ubaya.

"Acha hizo, kaka. Sabuni inaoza. Cheti chake ninacho kabatini."

"Harufu ni ile ile, bosi. Mchaichai."

"Mchaichai unaota hata nyuma ya nyumba yako." Richard alifungua soda nyingine akamsukumia. "Nikuulize. Koki alifungua nani?"

Ausi aliishika soda.

"Basi. Siku hiyo mimi nilikuwa mjini. Sasa ukienda kuwaambia watu kwamba ni yadi, ujue unawaambia kwamba ni wewe. Kunywa soda yako, urudi kazini. Siku mbili tatu kisima kitakaa sawa."

Ausi aliinywa ile soda. Baadaye hilo lilimsumbua kama mengine yote, kwamba aliinywa mpaka tone la mwisho na kushukuru.

Namba ya Winfrida ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye dumu la kijani. Saa sita mchana Ausi alikwenda nyuma ya stoo akampigia.

"Uliweka kiasi gani?" sauti ya Winfrida iliuliza.

"Dumu."

"Dumu zima? Kaka Ausi, sabuni ikizidi mafuta hayatoki, yanajificha ndani ya maji. Ndiyo maana hukuyaona. Na mashine ya hewa?"

"Mbovu."

"Ukayakalisha siku ngapi?"

"Tatu."

"Nilisema wiki nne, tena kwenye hewa. Hizo tatu ulizipata wapi?"

Ausi aliitazama mikono yake. Angemwambiaje mtu aliyesoma chuo kikuu kwamba alizipata kwenye mtungi wa mama yake? "Nilikosea kusikia," alisema.

"Sikiliza. Maji hayo yasinywewe. Kisima kikaushwe chote, na watu wa maji wa wilaya waitwe. Waambie watu leo, usingoje kesho. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Kwa hiyo kuanzia saa sita na dakika kadhaa hakukuwa tena na cha kubahatisha. Ausi alijua, na alijua kwamba anajua. Alifunga bomba la kuoshea, akamwambia mlinzi anaumwa, akapanda baiskeli. Njia nzima alipanga maneno. Atamwambia kwanza Stumai. Stumai atamwambia mama yake, mama atamwambia mjomba. Jambo litakwenda kwa heshima, polepole, kama mambo ya wakwe yanavyokwenda. Alijikaza kisabuni namna hiyo mpaka akafika kwenye mteremko, na pale akaona watu wamejaa kisimani.

Zulekha, jirani yao, ndiye aliyekuwa anasema. Mwanawe alikuwa ameharisha tangu juzi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Sikusimuliwa, nimeona mwenyewe asubuhi," alisema. "Mzee Amri ameinama hapa hapa, bomba la dawa mgongoni, mkono umo ndani ya ndoo, povu limemjaa mpaka kwenye kiwiko. Kama hakuwa anaosha bomba, alikuwa anafanya nini?"

"Nilikuja kuangalia," Mzee Amri alisema.

"Kuangalia na bomba mgongoni?"

Benedikto, mwenyekiti wa kitongoji, alivua kofia akaivaa tena. Alikuwa mtu mpole, na kazi ile haikumpendeza. "Mzee wangu, sheria tulipitisha wote, na wewe ulikuwepo. Bomba la salfa na dawa za mikorosho halisogezwi kisimani. Kisima hiki ulichimba wewe, hakuna anayebisha. Lakini watoto wanaumwa. Kikao kimeamua ukikaushe mwenyewe, na mpaka mvua zinyeshe usichote hapa. Utatuwia radhi."

Mzee Amri alikuwa mfupi, na lile bomba lilizidi kumfupisha. Alilitua chini taratibu, akakunjua mgongo. Watu walimwona akitafuta maneno ya Kiswahili na kuyakosa, na kijana mmoja akacheka kwa kuguna. Kwa mtu wa umri wake, kuchekwa kwa kukosa maneno mbele ya wajukuu kulikuwa kubaya kuliko kukatazwa maji.

Ausi alisimama nyuma ya watu, mikono kwenye usukani wa baiskeli. Stumai alikuwa upande wa pili, mtoto mgongoni, anamtazama.

"Anayetoa maji anaonja," Mzee Amri alisema hatimaye. "Si ndiyo? Kisima changu. Mimi nimewapa maji miaka yote hii. Basi naonja."

Akachota kwa kikombe cha bati kilichofungwa kwa kamba kwenye nguzo. Povu lilisimama juu yake. Benedikto alisema, "Mzee, haina haja," lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kuona.

Sasa, mtu aweza kusema kwamba mambo yalikwenda haraka, kwamba Ausi hakupata nafasi. Hayakwenda haraka. Mzee alitazama ndani ya kikombe, akapuliza povu pembeni, akasema bismillahi, akafumba macho. Katika muda huo wote Ausi alifikiria kazi, akafikiria mtoto, akamfikiria Richard na koki, akafikiria watu watakavyomgeukia na kumtazama. Alifikiria kila kitu isipokuwa koo la mzee yule. Mzee akanywa kikombe chote, akakipindua ili waone.

"Huyo amegusisha midomo tu," yule kijana alisema.

Mzee Amri akachota tena. Safari hii maji yalimmwagikia kifuani. Alikuwa ameshapiga funda moja Ausi aliposikia baiskeli ikianguka, ndipo akajua kwamba ameiachia.

"Mjomba, usinywe. Yana mafuta ya malori. Ni mimi."

Watu waligeuka, kama alivyoogopa. Alisema yote, dumu, koki, siku tatu, mpaka ule muhogo alioona aibu kumtajia Winfrida. Hakuna aliyempiga. Pengine angepigwa ingekuwa afadhali. Zulekha alikaa chini akajifunika uso kwa kanga. Benedikto alitoa simu kumpigia mtu wa zahanati. Mzee Amri alisimama na kikombe mkononi, akimsikiliza mpaka mwisho kama asikilizaye kesi ya mtu mwingine. Kisha akatapika.

Hakufa, na mtoto wa Zulekha pia alipona. Mzee alikaa zahanati siku mbili, tumbo likimkata, akarudi amekonda. Watu wa maji walikuja kutoka wilayani, wakachukua maji kwenye chupa, wakafunga kisima kwa miti ya kukingama mpaka kikaushwe. Winfrida alikuja pia, na mashine ya hewa ikatengenezwa siku hiyo hiyo, jambo lililoshindikana mwezi mzima. Sabuni ilionekana haina kosa. Ikitiwa kwa kipimo na kupewa siku zake, inaoza kweli.

Ausi hakuwa na kazi tena. Richard hakumtukana. Alimwambia tu kwamba buti ni mali ya yadi. Ausi alizivua pale getini, mbele ya mlinzi, akarudi nyumbani peku akisukuma baiskeli, kwa sababu kukanyaga pedali kwa mguu mtupu kuliuma.

Stumai hakumgombeza. Alimwekea chakula, akakaa mbali naye kidogo, akasubiri amalize.

"Siku ile ulisema usimpe mtoto," alisema. "Mwanao ulimkumbuka."

"Nilimkumbuka."

"Na mimi ukaniahidi ya kazini. Na mjomba asubuhi ukampa ya kazini."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua tangu asubuhi." Alichukua sahani. "Zulekha naye ana mtoto, Baba Kulthumu."

Kukausha kisima alijipa mwenyewe, hakuna aliyemwamuru. Alishuka ndani kwa kamba, akajaza ndoo, akapanda, akaivuta, akaimwaga kwenye pipa lililoletwa kutoka yadi, akashuka tena. Watu walipita na madumu wakienda kuchota mbali, upande wa Chunyu, wakamsalimu kwa kifupi. Siku ya pili Mzee Amri alikuja. Alikaa kwenye gogo akatazama kazi kwa muda mrefu, kisha akainuka, akaishika kamba juu, akaanza kumvutia ndoo. Walifanya hivyo mpaka alasiri bila kusemezana zaidi ya "vuta" na "tayari."

Ausi alipopanda mara ya mwisho, tope mpaka mapajani, mzee alikuwa anakunja kamba.

"Mkwe. Ulijua kabla sijanywa?"

Angeweza kusema kwamba hakuwa na uhakika. Mtu mwingine angelisema hilo.

"Nilijua, Mjomba. Kabla ya kikombe cha kwanza."

Mzee alimaliza kuikunja kamba, akaitundika kwenye nguzo, akaenda zake.

Mvua za kwanza zilipopita, watu wa maji walipima wakasema kisima ni salama. Ausi alikuwa akipalilia mikorosho ya watu upande wa Lionja, na jioni akirudi hukuta nyumba imefagiliwa na mke asiye na maneno mengi. Hata hivyo Mzee Amri alikuwa hajakata mguu. Alikuja kama zamani, akamsalimu mtoto, akauliza habari za shamba, akakaa kwenye kigoda kile kile. Ausi akaanza kudhani kwamba yamekwisha.

Siku moja mzee alifika amechoka, jua la saa nane limemchoma.

"Nipe maji, mkwe."

Ausi akakimbilia mtungi mwenyewe, hakumwachia Stumai. Alichota maji ya kisimani, maangavu mpaka alama ya kutu chini ya kikombe ilionekana. Akapiga goti, akakinyoosha kikombe kwa mikono miwili, akasubiri kipokonywe.

Mkono wa mzee ulibaki gotini. Hakuwa amekasirika. Alimtazama Ausi kama mpita njia amtazamavyo mwenye nyumba asiyemjua.

"Onja kwanza," alisema.

Stumai, aliyekuwa akichambua mboga, alisimamisha mikono. Ausi alikirudisha kikombe mdomoni akanywa, na mzee alimtazama kooni mpaka maji yaliposhuka. Kisha akapokea, akasema ahsante, akanywa.